Sarufi ya Uongo wa Huruma: Hadithi Fupi katika Darasa la Kijerumani la Kiwango cha Kati

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa chuo anayejifunza Kijerumani hupitia vipindi viwili ambavyo kila mtu anavifahamu. Cha kwanza ni kile cha kusalimu, kuhesabu, kununua tikiti ya treni na kueleza habari za jamaa yake. Cha mwisho ni kile cha kusoma Goethe, Kleist na Thomas Mann na kuandika tahakiki juu yao. Kati ya vipindi hivi viwili pana kipindi kingine kisichokuwa na fahari ya mwanzo wala heshima ya mwisho, nacho ndicho kiitwacho kiwango cha kati. Katika vyuo vya Marekani aghalabu huwa ni mwaka wa pili wa masomo. Katika utaratibu uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 huangukia ngazi ya B1 na kuelekea B2.

Ni katika kipindi hiki mwanafunzi anapokutana kwa mara ya kwanza na hadithi nzima iliyoandikwa na mwandishi wa Kijerumani kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani. Kwa miongo mingi hadithi hizo zimekuwa karibu zile zile: hadithi fupi za Wolfgang Borchert na Heinrich Böll zilizotokana na magofu ya Vita vya Pili vya Dunia, na pamoja nazo hadithi za Peter Bichsel wa Uswisi. Sababu inayotolewa ni moja: lugha yake ni nyepesi.

Makala haya yanaichunguza sababu hiyo. Yanadai kwamba wepesi huo ni wa sanaa, wala si wa ufukara wa lugha, na kwamba vipengele vile vile vya sarufi ambavyo mwalimu wa kiwango cha kati analazimika kuvifundisha ndivyo vinavyobeba swali la kimaadili la kila hadithi. Mwalimu anayefundisha sarufi leo na kuiahirisha fasihi hadi mwaka wa tatu huwa anaitupa sarufi yenyewe. Ili kuthibitisha dai hili hadithi nne zitahakikiwa, kisha pingamizi zitapimwa, na mwisho litatazamwa jambo linalowahusu walimu wa Kiswahili.

MGAWANYIKO WA KAZI

Utengano wa sarufi na fasihi haukuanzishwa na wanafunzi. Umejengwa ndani ya idara zenyewe. Mwaka 2007 Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani kilitoa ripoti iliyokosoa waziwazi mpangilio wa ngazi mbili katika idara za lugha za kigeni: chini wako wanaofundisha lugha, ambao wengi hawana kauli katika mambo ya idara, juu wako maprofesa wa fasihi, ambao ndio wenye kauli. Ripoti hiyo ilipendekeza masomo yaungane tangu mwanzo hadi mwisho. Hata kabla ya hapo, Claire Kramsch katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya muktadha na utamaduni katika ufundishaji wa lugha alikuwa amekwisha kupinga wazo la kwamba utamaduni ni stadi ya tano ya kuongezwa baada ya kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Katika Chuo Kikuu cha Georgetown nako, idara ya Kijerumani iliupanga upya mtaala wake wote mwishoni mwa miaka ya 1990, ili maandishi ya kila aina yasomwe katika kila ngazi.

Pamoja na juhudi hizo, kiwango cha kati kimebaki mahali pa kupita. Orodha ya mambo ya kufundishwa ni ndefu na yote ni mazito: miishio ya vivumishi, ambayo hubadilika kwa jinsia tatu na hali nne za nomino, vishazi tegemezi, ambavyo husukuma kitenzi hadi mwisho, kauli ya kutendwa, umbo la kitenzi la kudhania, ambalo Wajerumani huliita Konjunktiv, na vile vijineno vidogo kama doch, wohl, ja na mal, ambavyo vitabu vingi huvitaja kwa haraka kwa kuwa maana yake haikamatiki katika kamusi. Mbele ya orodha hiyo, hadithi inapoingia darasani huingia kama mtumishi. Mwanafunzi huambiwa apige mstari chini ya kila kitenzi cha wakati uliopita, ajaze nafasi zilizoachwa wazi, na ajibu nani alifanya nini, wapi na lini. Akimaliza, hadithi hufungwa. Amejua kwamba mwanamume alikula mkate usiku. Kwa nini Mjerumani yeyote alione jambo hilo linafaa kuandikwa, hilo hakuulizwa.

UONGO WA HURUMA: HADITHI MBILI ZA BORCHERT

Borchert alizaliwa Hamburg mwaka 1921 akafariki Basel tarehe 20 Novemba 1947, siku moja kabla ya tamthilia yake Draußen vor der Tür kuonyeshwa jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Hamburg. Karibu kazi zake zote za nathari ziliandikwa katika muda wa miaka miwili ya ugonjwa. Das Brot, yaani "Mkate", ni ya mwaka 1946.

Kisa chake ni kifupi mno. Mke anaamka saa nane na nusu usiku, anasikia sauti jikoni, na kitanda kando yake ni kitupu. Jikoni anamkuta mumewe amesimama. Mezani pana kisu, na juu ya kitambaa pana chembe za mkate, naye mke hukisafisha kitambaa hicho kila jioni. Mume anasema alidhani pana kitu. Mke anamtazama mtu aliyeishi naye miaka 39, anajua kwamba amemdanganya, na hasemi. Badala yake anausaidia uongo ule: huenda ni mfereji wa paa uliogonga ukuta kwa upepo. Wakirudi kitandani anamsikia mumewe akitafuna polepole, naye anapumua kwa utulivu ili asijulikane kuwa yu macho. Jioni ya pili anampa vipande vinne vya mkate badala ya vitatu, akisema kwamba yeye mkate huu haumpatani vizuri.

Mwalimu wa kiwango cha kati huipenda hadithi hii kwa kuwa sentensi zake ni fupi na maneno yake hurudiwarudiwa. Lakini kurudiwarudiwa huko ndiko kunakofaa kuhakikiwa. Mume anarudia kauli yake kwa kuwa mwongo asiyekuwa na mazoea hana kauli nyingine. Zaidi ya hayo, kauli hiyo imefungwa katika umbo la Konjunktiv. Mjerumani anapotaja jambo alilolidhani na ambalo halikuwa hivyo, hukiweka kitenzi cha kishazi kinachofuata katika umbo la kudhania, wäre mahali pa war. Kwa umbo hilo mume anakiri ndani ya uongo wake kwamba hapakuwa na kitu. Kiswahili hulifanya jambo hili kwa njia nyingine: hakibadilishi umbo la kitenzi kinachofuata, bali huchagua kitenzi cha kwanza. Anayesema "nilidhani pana kitu" amekwisha kumwonya msikilizaji kwamba dhana ilikosea, ilhali "niliona pana kitu" haitoi onyo hilo. Mwanafunzi anayeambiwa hivi haoni tena Konjunktiv kama jedwali la kukariri. Huiona kama mahali ambapo mtu mzima mwenye njaa anajificha.

Upande wa mke pana kijineno wohl, kinachokaribia "yamkini" au "huenda". Kwa neno hilo anaipokea dhana ya mumewe na kuipa sababu. Laiti angesema kwa yakini kwamba ni mfereji wa paa, angekuwa amesema uongo kamili. Laiti angenyamaza, angekuwa amemshitaki. Wohl inampa nafasi kati ya mawili hayo, na nafasi hiyo ndiyo ndoa yenyewe. Wahenga wa Kiswahili walisema njia ya mwongo ni fupi. Borchert anaonyesha mwongo ambaye njia yake inarefushwa na yule aliyedanganywa, kwa hiari na kwa upendo, nayo humrudisha mezani akiwa amepewa kipande cha nne na kichwa chake kimeinama.

Katika Nachts schlafen die Ratten doch sarufi imepanda hadi kwenye anwani. Jürgen, mtoto wa miaka tisa, analinda kifusi cha nyumba iliyopigwa bomu tangu Jumamosi. Chini yake amelala ndugu yake wa miaka minne, na mwalimu wao aliwaambia kwamba panya hula maiti. Mzee mwenye miguu ya matege, aliyebeba kikapu cha majani ya sungura, anazungumza naye hadi anamwambia kwamba usiku panya hulala, kwa hiyo usiku anaweza kwenda nyumbani. Anaahidi kumletea mtoto wa sungura.

Sasa panya ni mnyama anayetafuta riziki yake usiku hasa. Mzee anasema uongo, na anausema katika umbo ambalo lugha imeliweka kwa ajili ya kweli za kudumu. Kijerumani hutumia wakati uliopo wa kawaida. Kiswahili hutumia kiambishi hu-, kile kile kinachosema kwamba jua huchomoza mashariki. Huo ndio ujasiri wa sentensi ile: imemvika mtoto uongo katika vazi la kanuni ya maumbile. Kisha huja doch. Mwanafunzi akifungua kamusi atapata maana nyingi asijue aichukue ipi. Lakini mwanafunzi anayejua Kiswahili analo tayari neno la kumfaa, nalo ni lile "si" la kukumbusha, kama katika "si nilikuambia". "Si panya hulala usiku!" Kwa neno hilo msemaji hatoi habari mpya, anamkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wawili, kwa madai yake, walikuwa wanalijua. Mtoto haaibishwi kwa kutojua, wala haombwi kuacha zamu yake. Anaambiwa tu kwamba zamu ya usiku haikuwapo tangu mwanzo.

Ukali wa hadithi hii u katika kulinganisha wajuzi wawili. Mwalimu wa shule alisema kweli, na kweli yake ikamfunga mtoto juu ya kifusi. Mzee alisema uongo, na uongo wake ukamfungua. Mzee anafika hata kumlaumu mwalimu kwa kutokuwa na habari ya jambo kama hilo. Walimu wanaoifundisha hadithi hii wanastahili kuutazama mzaha huo kwa makini.

Haina maana kwamba Borchert hana dosari. Mwisho wa hadithi hii, pamoja na jua jekundu linaloonekana kati ya miguu ya matege na majani mabichi katikati ya vumbi la kifusi, unamwonyesha msomaji tumaini kwa kidole. Das Brot ni bora kuliko hadithi hii kwa kuwa mwisho wake ni mwanamke anayekawia kidogo kabla ya kuketi mezani chini ya taa, basi. Tofauti hii mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuieleza kwa Kijerumani chake kile kile kichache, na akiieleza amekwisha kuwa mhakiki.

UBAO WA DARASA: BÖLL

Wanderer, kommst du nach Spa… ya Heinrich Böll ilitoka mwaka 1950. Ni hadithi inayopasa kusomwa na kila mtu anayeishi kwa kuandika ubaoni. Askari kijana aliyejeruhiwa anachukuliwa kwa machela ndani ya jengo lililogeuzwa hospitali ya vita. Katika vishoroba anaona sanamu na picha anazozitambua: Medea, Kaisari, Cicero, Friedrich Mkuu, Nietzsche. Anakataa kuamini kwamba hii ni shule yake, kwa sababu picha kama hizo zilikuwa katika kila shule ya aina hiyo. Hatimaye katika chumba cha kuchora, ambacho sasa ni chumba cha upasuaji, anaona ubaoni mwandiko wake mwenyewe: sentensi ya kale juu ya mashujaa wa Sparta, iliyoandikwa mara saba kwa miandiko mbalimbali, na kila mara imekatika kwa sababu herufi zilikuwa kubwa mno na ubao ukaisha. Ndipo anapofahamu pia kwamba hana mikono yote miwili, wala mguu wa kulia. Muda uliopita tangu aandike maneno yale ni miezi mitatu.

Kwa msomaji wa Afrika ipo picha moja katika kishoroba hicho isiyopitwa kimya: picha ya Togo, na mbele yake kichane kikubwa cha ndizi. Togo ilitawaliwa na Ujerumani tangu 1884 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati wa hadithi koloni lile limekwisha kupotea kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini picha yake bado imening'inia ukutani mwa shule, safu moja na Kaisari na Friedrich. Böll hatoi hotuba juu ya jambo hili. Anaiacha picha iseme kwamba shule iliyowafundisha vijana kuzitamani nchi za watu ndiyo iliyowafundisha kufa vizuri. Neno "shule" lenyewe lilikuja katika Kiswahili kutoka Kijerumani, na hadithi hii inafaa kumkumbusha mtumiaji wake kwamba si kila kilichobebwa na neno hilo kilikuwa elimu.

Hapa uongo haukusemwa kwa huruma. Ni uongo wa dola, nao umefundishwa kwa njia ya zoezi la mwandiko. Mwalimu wa kuchora hakuwataka wanafunzi waelewe maana ya sentensi. Aliwataka wapange herufi. Ndiyo maana hadithi hii inalihukumu darasa la lugha linaloitumia kama zoezi. Mwanafunzi anayeagizwa kunakili kutoka kwa Böll vishazi kumi vyenye kitenzi mwishoni, bila kuulizwa vinasema nini, amewekwa mbele ya ubao ule ule. Hakuna atakayepoteza mkono kwa sababu ya zoezi hilo. Hata hivyo tabia inayojengwa ni ile ile: ya kuiandika lugha bila kuijibu.

MEZA NI MEZA: BICHSEL

Peter Bichsel, aliyezaliwa Luzern mwaka 1935 na kufariki mwaka 2025, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuishi kwa kalamu yake. Ein Tisch ist ein Tisch imo katika mkusanyiko wake Kindergeschichten wa mwaka 1969. Kwa msamiati hii ndiyo hadithi nyepesi kuliko zote nne, na ndiyo inayofundishwa mapema zaidi. Mzee mpweke amechoshwa na chumba chake kisichobadilika. Anaamua kuvibadilisha vitu majina: kitanda anakiita picha, meza anaiita zulia, kiti anakiita saa ya kuamshia, gazeti analiita kitanda. Anafurahi mno. Anaendelea hadi kwenye vitenzi, anajaza madaftari ya shule kwa maneno yake mapya, na mwishowe haelewi tena watu wanachosema, nao hawamwelewi. Ananyamaza.

Darasani wanafunzi hucheka sana katika nusu ya kwanza, kwa kuwa mchezo wa mzee ndio maisha yao ya kila siku. Wao pia wana madaftari ya maneno. Wao pia wamekesha wakikariri kwamba kitu hiki sasa kinaitwa hivi. Mwalimu naye huona fursa nzuri ya kufunza jinsia za nomino, maana kila jina linapohama huhama na jinsia yake. Kiswahili kinalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Kitanda kikiitwa picha, hakiwezi tena kuwa "kitanda changu kikubwa kimevunjika". Lazima kiwe "picha yangu kubwa imevunjika". Upatanisho wa ngeli hulifuata jina na kukiacha kitu. Kwa maneno mengine, mzee wa Bichsel anaruhusiwa kubadilisha msamiati, lakini sarufi haimwulizi ruhusa yake.

Hapo ndipo hadithi inapoacha kuchekesha. Mzee alidhani kosa liko katika majina, kumbe liko katika upweke. Vitu havikubadilika kwa kuitwa vingine, na mtu wa kusema naye hakupatikana. Lugha ambayo msemaji wake ni mmoja si lugha. Mwanafunzi wa kiwango cha kati aliyefundishwa msamiati tu, bila kupewa jambo la kusema na mtu wa kumwambia, anaelekea kwenye chumba kile kile. Ana maneno elfu kadhaa na hana mazungumzo. Wengi wanaoacha Kijerumani baada ya mwaka wa pili huacha wakiwa na alama nzuri katika mitihani ya msamiati, na jambo hili halipaswi kuwashangaza walimu waliosoma Bichsel.

PINGAMIZI

Ziko pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya muda: saa za darasa ni chache na orodha ya sarufi ni ndefu. Jibu limekwisha kutolewa katika uhakiki wa Das Brot. Mwalimu anayetumia saa moja juu ya wäre na wohl katika kinywa cha mume na mke wale hajaiacha orodha. Ameifundisha mahali ambapo wanafunzi wana sababu ya kuikumbuka.

Ya pili ni kwamba mwanafunzi wa ngazi hii hana lugha ya kutosha kuhakiki. Pingamizi hii inachanganya uchache wa maneno na uchache wa akili. Mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, na kabla ya kuja kwenye Kijerumani amekwisha kusoma hadithi, kusikia ngano na kudanganywa na watu anaowapenda. Kinachomkosa ni vishazi, na vishazi hujifunzwa haraka zaidi na mtu mwenye jambo la kusema.

Ya tatu ina uzito zaidi. Inadai kwamba orodha hii ya hadithi imezeeka: waandishi wote ni wanaume, na Ujerumani wanayoionyesha ni ya kifusi na njaa, wakati Ujerumani ya leo ni nchi ya watu waliotoka pande nyingi za dunia. Hapana budi kuikubali. Mutterzunge ya Emine Sevgi Özdamar, ya mwaka 1990, inachezea lugha ya mama kwa njia ambayo msemaji wa Kiswahili ataifahamu mara moja, kwa kuwa mwandishi anaanzia kwenye Kituruki, ambamo neno la ulimi na neno la lugha ni moja. Özdamar alipewa tuzo ya Georg Büchner mwaka 2022, na mahali pake katika mwaka wa pili si pa kuombewa. Mashairi ya May Ayim, mwandishi Mjerumani aliyekuwa na baba kutoka Ghana, yanastahili pia kusomwa karibu na ile picha ya Togo. Lakini kuongeza majina mapya hakutafaa kitu ikiwa nao watapigiwa mistari chini ya vitenzi tu. Kasoro kubwa ya kiwango cha kati ni namna ya kusoma. Orodha huja baada ya hapo.

JAMBO LINALOWAHUSU WALIMU WA KISWAHILI

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mambo ya darasa la Kijerumani yaletwe mbele ya wanazuoni wa lugha za Kiafrika. Sababu ni kwamba mtindo unaolaumiwa hapa uliwahi kutumika juu ya Kiswahili, na ulitumika Ujerumani kwenyewe. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako miongoni mwa waliofundishwa Kiswahili walikuwamo maofisa waliokuwa wakielekea koloni la Afrika Mashariki. Waswahili waliitwa kufundisha huko. Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha Berlin tangu 1891 hadi 1895, aliandika habari za maisha yake katika mji ule, na C. G. Büttner akazichapisha katika mkusanyiko wake wa mwaka 1894. Baadaye alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten.

Maandishi haya yalisomwa na wanafunzi wa Kijerumani kama mifano ya lugha na kama habari za desturi. Kwamba Amur alikuwa na jicho la mzaha, kwamba Mtoro alichagua la kusema na la kunyamazia mbele ya wenye mamlaka, hayo hayakuwa maswali ya darasa. Ilipasa kungojewa hadi mwaka 1981, wakati tafsiri ya J. W. T. Allen ilipoliweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu chake mwenyewe. Tofauti ya Mtoro na Borchert ni kubwa, kwa kuwa mmoja alisomwa na watu waliotaka kumtawala na mwingine husomwa na watu wanaotaka kufaulu mtihani. Lakini zoezi ni moja: kuchukua kauli ya mtu na kuifanya kitambaa cha kujifunzia kushona.

Leo Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani, na wanafunzi wake pia hufika kwenye kiwango cha kati. Nao pia hukutana na hadithi ya kwanza nzima, na mwalimu wao, ambaye mara nyingi ametoka Kenya au Tanzania, hujikuta na orodha ndefu: ngeli, virejeshi, -nge- na -ngali-, minyambuliko ya vitenzi. Anaweza kuitoa hadithi ile sadaka kwa orodha. Anaweza pia kuuliza kwa nini mhusika amesema "ningekuwa" badala ya "nikiwa", na kumwacha mwanafunzi agundue kwamba kati ya maumbo hayo mawili pana mtu aliyekata tamaa.

HITIMISHO

Hadithi nne zilizohakikiwa hapa zimeonyesha lugha ikifanya kazi nne: kumficha mwenye njaa, kumfungua mtoto, kumpeleka kijana kwenye kifo, na kumfungia mzee chumbani mwake. Katika kila moja kazi hiyo inafanywa na kipengele cha sarufi ambacho kimo tayari katika silabasi ya mwaka wa pili. Kwa hiyo mwalimu wa kiwango cha kati hahitaji kungoja ruhusa ya maprofesa wa fasihi ili aanze uhakiki. Uhakiki umekwisha kuanza wakati mwanafunzi anapoinua mkono na kuuliza doch ina maana gani. Anayemjibu kwa tafsiri ya neno moja amemnyima hadithi, na sarufi pia hakumpa.